Sari ya Shifoni na Swali la Utamaduni Wetu

Katika mabaraza ya Mji Mkongwe, na katika vikao vya wazazi huko mashamba, yamezuka madai yasiyofaa kuachwa bila ya jibu. Husemwa kwamba sari, na hasa ile ya shifoni iliyodariziwa kwa zari, imeingia katika harusi na sikukuu zetu kama mwizi aingiavyo nyumba isiyotiwa komeo. Kwamba imeipokonya kanga kiti chake. Kwamba msichana wa Kikwajuni au wa Makunduchi aivaapo usiku wa hina huwa ameuvua Uzanzibari wake. Na kwamba dawa ni moja tu, nayo ni marufuku. Wasemao hivi wana nia njema, na baadhi yao ni walimu. Kwa sababu hiyo hasa napenda kuwajibu hapa, mbele ya walimu wenzao na wanafunzi wao. Nasema kwamba wanaoishitaki sari wamemfikisha barazani asiye na kosa, na mkosa halisi wamemwacha anapita njia.

Kwanza tumtazame mshitakiwa mwenyewe. Sari ni kitambaa kimoja kirefu, aghalabu cha mita tano na zaidi, kisichokatwa wala kushonwa. Fundi wake ni mvaaji: yeye ndiye akunjaye marinda, akazungusha kiunoni, akatupa ncha begani. Shifoni ni namna ya kitambaa chepesi mno, kipitishacho mwanga, chenye kuanguka mwilini kama maji. Neno lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ya asili ni kitambara tu. Zamani shifoni ilifumwa kwa hariri. Siku hizi nyingi hufumwa kwa nyuzi za viwandani, na mji wa Surat, katika jimbo la Gujarati nchini India, umepata jina kubwa kwa vitambaa hivyo na kwa uzi wa zari. Na hilo neno zari limetokana na Kiajemi, likiwa na maana ya dhahabu.

Sasa msomaji na aangalie ajabu hii. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Indira Devi, malkia wa Cooch Behar, alikuwa akiagiza shifoni kutoka Ufaransa ili avae kwa namna ya sari, na mtindo huo ukaenea kwa wanawake wa tabaka la juu wa India, kisha kwa wengine. Basi nguo hii tunayoambiwa ni ya Kihindi tupu, kitambaa chake kilitoka Ufaransa na jina la uzi wake lilitoka Uajemi. Je, Wahindi walipoteza Uhindi wao walipoipokea shifoni? La hasha. Waliichukua, wakaipa urefu wautakao, wakaitandaza juu ya fremu, wakaitia darizi waliyorithi kwa wazee wao, na leo dunia nzima huiita yao. Hawakuuliza imetoka wapi. Waliuliza wataifanyia nini.

Ikiwa sheria ni kwamba kila chenye asili ya ng'ambo si chetu, basi sheria hiyo na ipitishwe kwa haki juu ya vyote. Tuanze na kanga, ambayo wenzetu wameisimamisha kuwa shahidi wao. Neno leso, jina la pili la kanga, ni la Kireno. Kanga zenyewe zilianza kuvaliwa pwani hii katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na yasimuliwa kwamba wanawake wa mwambao walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakaziunga tatu kwa tatu, wakapata nguo pana ya kujifunga. Kwa miaka mingi zilichapwa Uholanzi, Uingereza, Uswisi, India na Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na hata sasa kanga nyingi tuzinunuazo huchapwa India. Kisutu nacho, kanga ya heshima ya biharusi, mtindo wake una asili katika nguo zilizochapwa kwa vibao vya mbao huko India. Ukimfukuza mgeni mmoja kwa sababu ya ugeni wake, hapana budi umfukuze na huyu wa pili. Nani atakayethubutu?

Tuendelee mbele. Merikani, nguo iliyovaliwa na wakulima na wachukuzi wa kisiwa hiki katika karne ya 19, ilibeba jina la nchi ilikofumwa. Kaniki nyeusi ililetwa na majahazi kutoka India. Ile milango ya nakshi ambayo wageni huvuka bahari kuja kuipiga picha, mingi ina mkono wa maseremala wa Kihindi, na ile yenye upinde wa juu ya Kihindi imesimama katika maduka ya zamani ya Darajani. Taarabu ilipokewa kutoka Misri katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Na chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu mjini, akaiimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sauti yake katika santuri. Hakuna leo mwenye akili timamu awezaye kusema kwamba Siti aliimba nyimbo za watu. Ala zilitoka kwingine. Aliyeziimbisha lugha yetu ni yeye.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, na iko wazi kwa kila asomaye historia ya pwani. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za miji ya mwambao. Alipofika kuieleza Sofala alisema kwamba Waislamu wa huko walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuweza kuzitia rangi. Basi walizichukua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi huo pamoja na uzi wao mweupe, ikatoka nguo mpya isiyokuwa ya Cambay wala ya jana ya Sofala. Hali kadhalika huko Pate, nguo za hariri zilizofumwa na mafundi wa mji ule zilikuwa na sifa mwambao mzima.

Kufumua na kufuma: hii ndiyo sheria ya utamaduni wetu tangu hapo kale. Wazee wetu hawakuiogopa nguo ya Cambay, wala hawakuivaa tu kama ilivyofika. Waliitia mkono. Kwa hiyo swali la kumwuliza biharusi wa leo si kwamba sari yake imetoka wapi. Aulizwe, na sisi sote tuulizwe pamoja naye: ni mkono wa nani uliodarizi pindo lake?

Kabla ya kulijibu swali hilo, napenda kueleza kwa nini madai ya wenzetu yana hatari kubwa kuliko wanavyodhani. Nguo katika kisiwa hiki haikuwa kamwe jambo la urembo peke yake. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha merikani na kaniki walizovishwa, wakajifunga kanga za rangi na maua. Hapakuwa na hotuba wala maandamano. Kila mmoja alitoka nyumbani kwake akiwa amevaa uhuru wake. Walikuwapo waliowacheka wanawake wale kwa kujikweza. Leo hatuwakumbuki wacheshi wale, na kanga ndiyo tunayoita ya asili. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi kwa nguo aliyoipenda siku ya sikukuu na azingatie ameketi upande upi wa historia.

Tena kuna watu wa kisiwa hiki hiki ambao sari kwao ni nguo ya mama na ya nyanya. Wahindi wa Unguja, Wahindu kwa Waislamu, na Magoa na Maparsi pamoja nao, wameishi katika mitaa ya mji huu kwa vizazi vingi. Wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine wakabaki, na watoto wao wamo madarasani mwetu. Mwalimu asimamapo ubaoni akatamka kwamba sari si nguo yetu, mtoto yule aketiye dawati la mbele atafahamu nini? Atafahamu kwamba mama yake si wetu. Hakuna somo la utamaduni wa taifa liwezalo kujengwa juu ya aibu ya mtoto mmoja wa taifa.

Na historia, kwa ucheshi wake, imezidi kuwachanganya wenye kupenda mipaka iliyonyooka. Mwaka 1952 Aga Khan wa Tatu aliwausia wanawake wa Kiismailia wa Afrika Mashariki waache mavazi ya Kihindi, wavae magauni mepesi ya kisasa. Nao wengi wakatii. Katika miaka hiyo hiyo wanawake wa Kiswahili walikuwa wakijaa katika maonyesho ya wanawake peke yao, katika sinema za mjini kama Majestic ya Vuga, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya kuungua, wakitazama Awara ya mwaka 1951 na baadaye Mother India ya mwaka 1957. Wakatoka na nyimbo midomoni na sari machoni. Yaani, pale baadhi ya wenye sari walipokuwa wakiikunja na kuitia sandukuni, jirani zao walikuwa wakiitamani. Nani hapo mwenyeji na nani mgeni?

Basi kama sari haina kosa, mkosa ni nani? Namtaja bila ya kuficha: mkosa ni mkono uliolala.

Mtazame mshona kofia. Huchukua kitambaa cheupe, akakata cha juu cha mviringo na cha ukuta wa pembeni, akachora ua lake, kisha akaanza kushona matundu madogo madogo kwa sindano, moja baada ya jingine, mamia kwa mamia, kila tundu likizungushiwa uzi hata likasimama kama jicho. Kofia nzuri ya viua huchukua wiki nyingi, na pengine miezi. Wanawake wameishona vibarazani na ukumbini wakati wa jioni. Wanaume nao wameishona. Imelisha watoto na imelipa karo. Na Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye kitabu chake kilichapwa Ujerumani mwaka 1886, amesimulia namna wanawake wa majumba makubwa walivyokuwa wakishona na kudarizi. Kwa hiyo sindano haikuwa ya maskini peke yake, wala ya matajiri peke yao. Ilikuwa ya kisiwa.

Leo kofia za mashine zimejaa madukani. Zinafanana na zetu kwa mbali, na bei yake mshona kwa mkono haiwezi. Kijana huinunua bila kujua tofauti, maana hakuna aliyemfundisha kutazama tundu la sindano. Na tangu milango ya biashara ya Zanzibar ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, sari na vitambaa vya shifoni hufika Mlandege na Mchangani vikiwa vimekwisha kila kitu: vimedariziwa, vimetiwa vito, vimekunjwa ndani ya mfuko wenye kung'aa. Kilichobaki kwa mikono yetu ni kuhesabu fedha na kuzitoa. Fundi cherehani wa mtaani hupewa blauzi abane kiunoni, basi. Ua lililoko kwenye pindo hatukulichora, jina lake hatulijui, na aliyelishona hatutamwona. Hiyo ndiyo hasara. Wenzetu wameiona hasara hiyo, lakini wamekosea kutaja sababu yake. Wamemlaumu mgeni kwa kuja na chakula, ilhali jiko letu tumelizima wenyewe.

Kuna mkosa wa pili, na jina lake linakaribiana na la mshitakiwa kiasi cha kuwachanganya mahakimu: si sari, ni sare. Sare ni ile desturi ya waalikwa wote wa harusi kuambiwa wanunue kitambaa kimoja cha rangi moja, leo cha hina, kesho cha ndoa, kesho kutwa cha kumtoa biharusi. Mwenye nacho hununua, na asiye nacho hukopa, au hujifanya mgonjwa siku ya harusi ya mtoto wa ndugu yake. Mwanamke akitiwa aibu kwa kutokuwa na shifoni ya rangi ya zambarau, dhambi si ya shifoni. Aibu ile ile ingalimpata kwa kanga, lau sare ingalikuwa kanga. Tuwe na haki katika hukumu zetu: ubadhirifu na mashindano vinaweza kuvaa nguo yoyote.

Najua wapo vijana watakaonisoma hadi hapa wakapiga makofi, wakidhani nimewapa ruhusa. Wao husema utamaduni hauna mpaka, dunia ni moja, mtu na avae apendacho na mjadala ufungwe. Na hao nao nawaambia hapana. Mnunuzi hajengi utamaduni kwa kununua. Wazee wa Sofala hawakusema dunia ni moja wakaivaa nguo ya Cambay wakalala; walikaa chini wakafumua. Mtu anayepokea kila kitu kikiwa kimekwisha atakuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, na hiyo ni kasumba kama kasumba nyingine, ingawa haikuletwa na mkoloni.

Ama marufuku, tumekwisha kuyajaribu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Walioonja ukali wake zaidi walikuwa wasichana wa mijini, waliosumbuliwa vituoni na barabarani. Vijana wa doria walijifunza kupima magoti kwa macho, lakini hakuna hata mmoja aliyejifunza kutunga uzi kwenye sindano. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana huko Tanganyika, alikuwa na tahadhari kubwa kuliko hao waliomfuata: alitaka tujivunie yaliyo yetu, na papo hapo akakumbusha kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la wajinga. Na katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule ziwe mahali pa kazi pamoja na kitabu. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja, tumekwisha kupata jibu la sari.

Kwa hiyo nawaelekea walimu. Msimkataze msichana sari. Mpeni sindano, na mvulana naye mpeni, kwani kofia haikuuliza kamwe mshonaji wake ni mume au mke. Kila skuli ya Unguja, ya mjini na ya shamba, ina jirani ajuaye kushona kofia au kudarizi kanzu. Mwiteni aje darasani mara moja kwa wiki, mlipeni kwa heshima kama mlipavyo wataalamu wengine, na mwacheni afundishe. Wanafunzi nao na wapewe daftari la kuchora maua ya kofia na majina yake, kabla wenye kuyajua hawajatoweka.

Kisha wapewe shifoni. Ndiyo, shifoni, tena tupu, isiyodariziwa, ambayo hununuliwa kwa bei nafuu kuliko iliyokamilika. Nguo hii haimhurumii fundi mzembe. Huteleza chini ya vidole. Sindano nene huitoboa ikaacha kovu. Uzi mzito huivuta ikakunjamana. Na darizi ikizidi huichana kwa uzito wake. Hapana budi itandazwe juu ya fremu ikaze sawasawa, na sindano iwe nyembamba, na mkono uwe mwepesi. Lakini kidole kilichozoea tundu la kofia hakina cha kuogopa hapo. Ua la kofia ya viua, au la mlango wa Mji Mkongwe, au korosho ya kanga, ikitiwa katika pindo la sari ya biharusi wa Unguja kwa mkono wa shangazi zake na rafiki zake, nani atasema sari ile ni ya Surat? Itakuwa ya Unguja, kama ile ya buluu na nyeupe ilivyokuwa ya Sofala.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Fedha za sare moja tu, kati ya zile tatu, zitengwe kumlipa mdarizi mmoja wa mtaani. Harusi haitapungua kitu. Biharusi atavaa pindo asilokuwa nalo mwenzake, na mama mmoja atalipia karo ya mwanawe kwa kazi ya vidole vyake. Mwaka Kogwa utafika huko Makunduchi na kanga zitavaliwa kama zilivyovaliwa siku zote; sikukuu ya Iddi itafika na sari zitavaliwa. Kisiwa kina nafasi ya zote mbili, maadamu sindano haijakaa bure.

Nafunga kwa ubeti mmoja, kwa kuwa hoja ndefu husahauliwa upesi kuliko fupi:

Sari si adui yangu, wala mgeni nyumbani,
Adui yenu wenzangu, ni sindano i kutuni,
Mpe uzi mwana wangu, adarizi yu shuleni,
Kitu hakiwi ni chetu, mkono tusipotia.